Chungu cheusi pale maonyeshoni Kampala: aliyekifinyanga ni nani?

#1 BintiBusia

Habari zenu wanajukwaa.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwenye maonyesho ya ubunifu wa Kiafrika hapa Kampala. Kulikuwa na viti, taa, vikapu, makoti ya magome ya mutuba, na upande mzima wa nyuma wa ukumbi waliuachia udongo: bakuli, mitungi, sahani, na maumbo mengine ambayo hayana jina. Kwenye udongo nilikaa karibu saa mbili, watu wakinipita na simu zao. Naomba tuzungumzie chungu kimoja tu.

Kimo chake ni cha mtoto wa miaka minne. Shingo nyembamba, mabega mapana, tumbo limeegemea upande mmoja kidogo kama mama aliyebeba mtoto kiunoni. Cheusi, kimesuguliwa mpaka dirisha linaonekana ndani yake. Mabegani kuna ukanda wa alama za kamba iliyosokotwa, zile zinazopatikana kwa kuviringisha kamba juu ya udongo mbichi. Nilikisogelea, na kabla sijafikiri mkono ulishakwenda: nikakigonga kwa kifundo cha kidole. Kikalia vizuri sana. Mlinzi akaja haraka, "Nnyabo, hapa hatugusi." Nikamwomba radhi, maana ana haki, ndiyo kazi yake.

Lakini nyanya yangu mzaa mama alikuwa mfinyanzi kule Busia, upande wa Wasamia, na nilikua nikimsindikiza sokoni. Mnunuzi asiyegonga chungu alionekana hajui anachonunua. Chungu kilichoiva kinalia kama kengele ndogo na sauti inakaa. Chenye ufa, hata ufa usioonekana, kinajibu kwa sauti fupi iliyokufa, kama umegonga ubao. Kwa hiyo mimi nilijua kitu ambacho lebo haikusema: hiki kilipitia mikononi mwa mtu anayeujua moto.

Nikasoma lebo. Jina la mbunifu. Jina la studio. Mwaka. "Udongo, grafiti." Vipimo. Bei. Basi. Nikamuuliza binti aliyekaa mezani, kwa heshima, nani amekifinyanga. Akatabasamu akaniambia, "Kuna kina mama fulani wa kijijini tunaoshirikiana nao."

Nimelala na hilo neno "fulani" siku nne sasa. Nyanya yangu alifinyanga zaidi ya miaka arobaini, na Waswahili wanaposema mfinyanzi hulia gaeni mimi nalikumbuka gae lenyewe, maana tulilia humo. Vyungu vizima vilikuwa vya kuuza. Leo sina hata kimoja chenye alama yake. Ninachotaka kwa waandaaji wa maonyesho yoyote ya udongo nchini ni kwamba jina la aliyefinyanga liwe kwenye lebo, mstari mmoja na jina la aliyebuni, kwa herufi za ukubwa ule ule. Mnaonaje?

#2 Kigogo_Nakawa

Bei ilikuwa ngapi?

#3 BintiBusia

Milioni tatu na laki nne. Kaka, sina ugomvi na bei, hata ingekuwa kumi. Kitu kile kinastahili.

#4 Mbunifu_Ntinda

Dada, salaam. Mimi ni mbunifu, si wa maonyesho hayo, ila nafanya kazi na wafinyanzi kwa hiyo hili linanigusa. Naomba nieleze upande wa pili bila kumkosea mtu adabu.

Ninapopeleka mchoro kijijini ninaagiza vyungu tisa ili nipate vinne. Vitano vinapasuka, na nalipia vyote tisa. Kutoka pale mpaka Kampala ni barabara ya vumbi na mashimo, nafunga kila kimoja kwa majani ya migomba na godoro kuukuu. Nalipa nafasi ya maonyesho, nalipa mpiga picha. Kikivunjwa na mgeni ukumbini hasara ni yangu. Umbo ni langu, nimelichora mara thelathini. Halafu tujiulize: lile jengo la Uganda Museum pale Kitante, kila msomi atakuambia lilibuniwa na Ernst May na likafunguliwa 1954. Nani anawajua waashi waliopanga matofali? Hatusemi May aliwaibia. Ndivyo kazi ya ubunifu ilivyo duniani kote, mwenye wazo ndiye mwenye jina.

Kuwalipa vizuri kwangu ni heshima kubwa kuliko kuwaandika.

#5 FundiMukono

Mimi ni mfinyanzi, nina gurudumu na tanuri la umeme Mukono, nilijifunzia Makerere. Mbunifu umeandika kwa ustaarabu, lakini mfano wa mwashi hausimami, na nitakuambia kwa nini kwa kuanzia kwenye udongo wenyewe.

Mwashi analetewa tofali limeshachomwa. Mfinyanzi anaanzia kinamasini. Anajua kwamba udongo wa juu una mizizi na wa chini zaidi una mchanga, na kati yao kuna mkanda anaoujua kwa kuuonja kwa meno. Anauacha uoze siku kadhaa. Anaukanda. Anachanganya vigae vya vyungu vilivyovunjika, vimetwangwa, ili mvuke upate njia ya kutokea wakati wa moto. (Napenda sana hili: ndani ya kila chungu kipya kuna vyungu vya zamani.) Kiasi gani cha vigae? Hakuna kipimo. Mkono unasema.

Kisha anajenga kwa kamba za udongo, moja juu ya nyingine, akisubiri ya chini ikaze kidogo ndipo apandishe. Akiharakisha, bega linashuka. Akichelewa, kamba haishikani na nyenzake, na ufa utatokea pale pale wiki tatu baadaye. Chungu cha kimo alichosema BintiBusia ni kazi ya siku nyingi za kupanda na kusubiri.

Halafu moto. Tanuri langu la umeme napandisha joto polepole, kwa muda wa saa nane mpaka kumi na mbili, na kuna kipimo kinanionyesha namba. Udongo una maji mawili: yanayokauka kivulini, na yaliyofungwa ndani ya udongo wenyewe, ambayo hayatoki mpaka joto lifike kati ya nyuzi 450 na 600. Kwenye nyuzi 573 chembe za mchanga ndani ya udongo hubadilika ukubwa ghafla. Vyungu vingi hufia hapo, kwenda au kurudi. Sasa yule mama anachoma uwanjani, kwa nyasi, maganda ya miti na samadi kavu, moto unaofika nyuzi 600 mpaka 900 kwa muda mfupi sana, hana kipimo chochote isipokuwa rangi ya chungu na harufu ya moshi na upande upepo unakotoka. Na anapotaka cheusi, lazima akinyime hewa kwa wakati wake: udongo wetu una chuma, ukipata hewa ya kutosha unatoka mwekundu, ukinyimwa unakuwa mweusi.

Ukisema ulichora umbo, nakubali. Rangi uliichora? Unene wa kitako uliuchora? Ule mlio uliuchora?

#6 BintiBusia

Fundi, asante. Ulipoandika habari ya kuonja udongo kwa meno nimemwona nyanya waziwazi. Alikuwa anatema halafu anasema "huu bado mtoto".

Mbunifu, kaka yangu, sikukusudia kusema wabunifu ni wezi. Umesema unalipa hata vilivyopasuka. Hilo ni jambo kubwa na wengi hawafanyi. Lakini malipo yanaisha mwezi huo huo. Jina ndilo linalomletea mtu kazi ya pili, linamfanya mnunuzi mwingine amtafute yeye, linamfanya binti yake aone kwamba kazi ya mama yake ina mwenyewe. Tena, lebo zote zilikuwa za Kiingereza peke yake. Baraza la Mawaziri lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi mwaka 2022, na Waganda wana neno lao zuri la mfinyanzi, omubumbi. Hata neno hilo halikuwepo ukumbini.

#7 Mwalimu_Jinja

Wanangu, nimestaafu ualimu wa sanaa, nimesoma uzi huu kwa furaha. Nichangie kidogo historia, kwa sababu hili la mfinyanzi asiye na jina si geni kwetu.

Mwaka 1929 wafungwa walikuwa wakichimba kilima cha Luzira, pale gerezani. Wakakuta vipande vya sanamu ya udongo: kichwa cha mtu na sehemu za mwili. Leo kipo British Museum, London, na kinaitwa Kichwa cha Luzira. Wataalamu wanakadiria umri wake kuwa takribani miaka elfu moja. Ni kazi ya mkono uliokomaa: macho, nywele, shingo yenye mikunjo, vyote kwa udongo. Aliyekifinyanga hatutamjua kamwe, na waliokifukua nao tunawaita tu "wafungwa".

Zile alama za kamba alizoziona BintiBusia ni za kale mno. Vigae vyenye mapambo ya kamba iliyoviringishwa vimefukuliwa Ntusi, Sembabule, mahali palipokuwa na watu wengi tangu karibu karne ya 11. Na kabla ya hapo, zaidi ya miaka elfu mbili nyuma, watu wa kandokando ya ziwa letu walifinyanga vyungu ambavyo wataalamu wanaviita Urewe, kwa jina la mahali kule Siaya, Kenya; vingi vina kishimo kidogo kitakoni, kama mtu amebonyeza kwa kidole gumba. Weusi unaong'aa kwa grafiti ulikuwa wa ikulu. Bunyoro na Buganda kulikuwa na wafinyanzi wa mfalme, na vyombo vyao vyembamba vya maziwa na pombe vimejaa makumbusho ya Ulaya. Lebo za huko zinataja kabila, na mara nyingi zinamtaja Mzungu aliyevichukua.

Margaret Trowell alipoanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwaka 1937, shule ambayo leo ina jina lake, udongo ulipata nafasi darasani. Tangu hapo tumekuwa na wafinyanzi wenye shahada na majina. Lakini mstari ulichorwa, bila mtu kukusudia: mwenye shahada ana jina, wa kinamasini ni "utamaduni".

Sasa mtazameni Magdalene Odundo. Amezaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza 1971 kusoma mambo ya michoro ya biashara. Mwaka 1974 alikwenda Abuja, Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi alichokianzisha mfinyanzi Mwingereza Michael Cardew, akakaa na kina mama wa Kigwari, mmoja wao Ladi Kwali. Huko ndiko alikojifunza kufinyanga kwa mkono, bila gurudumu. Mpaka leo ndivyo anavyofanya: anapandisha kwa mkono, anakwangua, anasugua kwa jiwe, moto wa kwanza unatoa rangi ya chungwa, wa pili wa kunyima hewa unatoa mweusi. Ni njia ile ile aliyoieleza Fundi hapo juu. Vyungu vyake vipo makumbusho makubwa ya dunia na mwaka 2020 Uingereza ilimpa cheo cha Dame. Naye hajaacha kutaja alikojifunzia.

Na Ladi Kwali mwenyewe? Chukueni noti ya naira 20 ya Nigeria muigeuze. Ndiye yule mwanamke aliyeketi na chungu chake. Nchi nzima inambeba mfukoni.

#8 Kigogo_Nakawa

Mwalimu nimeitafuta hiyo noti mtandaoni sasa hivi. Kweli kabisa! Mfinyanzi kwenye pesa. Sijawahi kufikiria.

#9 Mbunifu_Ntinda

Mwalimu, shikamoo. Nakubali historia, lakini naomba niseme jambo moja la haki. Ladi Kwali alikuwa tayari fundi mkubwa kwao, ila dunia ilimfahamu kwa sababu Cardew alifungua mlango. Mtu wa kufungua mlango naye anafanya kazi.

#10 Mwalimu_Jinja

Marahaba mwanangu. Ni kweli alifungua mlango. Lakini tazama alivyofungua: vyungu vya Ladi Kwali vya Abuja vina muhuri wake wa herufi LK umebonyezwa kwenye udongo, pembeni ya muhuri wa kituo. Mihuri miwili. Haikumpunguzia Cardew chochote.

#11 DadaKisoro

Nimesoma kimya tangu juzi, acha niseme.

Huku kwetu Kisoro na Kabale, ukisema mfinyanzi, watu wengi wanaelewa Mtwa. Batwa walitolewa msituni wakati Bwindi na Mgahinga zilipofanywa hifadhi za taifa mwaka 1991, wakabaki bila ardhi, na udongo ukawa moja ya riziki chache walizokuwa nazo. Na hata udongo wenyewe upo kwenye shamba la mtu mwingine, lazima waombe. Nimekua nikiona vyungu vyao vinanunuliwa na watu wasiotaka kunywa kikombe kimoja nao. Chungu kinaingia ndani, mfinyanzi anabaki nje ya ua. Kwa hiyo BintiBusia anaposema "fulani" mimi nasikia kitu kizito kuliko lebo.

Lakini nina swali la kweli. Huko kwetu chungu hakifinyangwi na mtu mmoja. Mmoja anachimba, mwingine anakanda, mwingine anapandisha, na kuchoma wanachoma pamoja, vyungu vya nyumba kadhaa kwenye moto mmoja. Mkiandika jina moja la mfinyanzi mtakuwa mmewafuta wanne wengine. Mtafanyaje?

#12 BintiBusia

Dada yangu, umenigusa, na swali lako limenishinda. Nyanya alifinyanga, lakini aliyechoma alikuwa shangazi yangu. Sikuwahi kulifikiria hivyo mpaka sasa. Nani ana jibu?

#13 Mwalimu_Jinja

Wapo waliolijibu. Kule KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, Fée Halsted alianzisha karakana ya Ardmore mwaka 1985, akifanya kazi na Bonnie Ntshalintshali. Vyombo vyao ni vya kauri, vimejaa chui, ndege na maua. Kazi moja hupita mikono kadhaa, na maelezo yake yanataja kila mkono: nani aliinua kwenye gurudumu, nani alichonga wanyama, nani alipaka rangi. Majina matatu, kazi moja, na wanunuzi wa mnada wanayasoma yote kama watu wanavyosoma ukoo.

Hata sisi tumeshafanya, jamani, kwa wasusi. Uganda ilipopata banda lake la kwanza kwenye maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya Venice, Italia, mwaka 2022, Acaye Kerunen na Collin Sekajugo, majaji walilitaja kwa heshima maalumu. Kerunen hufanya kazi na wanawake wanaosuka sehemu mbalimbali za nchi. Mwaka 2024 banda la Uganda liliporudi, Sanaa Gateja, Xenson, José Hendo na Taga Nuwagaba wakiwemo, kikundi cha wasusi kiliorodheshwa pamoja nao kama washiriki. Kama inawezekana Venice, inawezekana Kampala.

#14 FundiMukono

Niongeze la Andile Dyalvane, mfinyanzi wa Afrika Kusini, kwa sababu watu wanafikiri maonyesho lazima yaanzie mjini. Dyalvane na Zizipho Poswa ndio walioanzisha studio ya ufinyanzi ya Imiso kule Cape Town. Poswa ana kazi kubwa kubwa za udongo zilizotokana na wanawake wa kwao wanavyobeba mizigo kichwani. Ukiziangalia unaona kata, unaona kuni, unaona shingo iliyonyooka. Dyalvane mwaka 2020 alitengeneza viti vya udongo, akaviita iThongo, na kabla havijafika jumba la sanaa mjini alivipeleka kwanza kijijini kwao Ngobozana, wazee wakavikalia, wakaimba, ndipo vikaenda Cape Town na baadaye New York.

Wazee walivikalia! Hakuna aliyeambiwa "hapa hatugusi".

#15 BintiBombo

Assalaam aleikum wapendwa. Mimi ni Mnubi wa Bombo, sijui kufinyanga, ila kwetu hakuna arusi bila chetezo, na chetezo cha chuma hakitoi harufu kama cha udongo. Cha marehemu mama kilivunjika mwaka jana nikalia kama mtoto. Nimezunguka Owino nikakosa kama kile. Mamangu alikinunua kwa mama mmoja aliyekuwa anapita na vyungu kichwani, tulimwita "mama wa vyungu" tu. Kusoma uzi huu nimegundua na mimi nimesema "fulani" maisha yangu yote.

Jerikeni za njano zilipojaa, yule mama akaacha kupita. Nani kati yenu anaweza kunifinyangia chetezo?

#16 FundiMukono

Waaleikum salaam mama. Nitakutengenezea, ila nitumie picha ya kile cha zamani hata kama ni vipande. Usivitupe vipande! Nitavitwanga nivichanganye kwenye udongo wa hiki kipya.

Na kwa kuwa nipo hapa, wabunifu wote mnaosoma: naombeni jambo moja la usalama. Nimeona kwenye maonyesho bakuli zilizochomwa moto mdogo, kisha zikapakwa vanishi ya mbao ili zing'ae, zinauzwa kama vyombo vya kulia. Vanishi si ya tumboni. Udongo wa moto mdogo una vitundu, ndiyo sababu mtungi unatoa jasho na maji yanapoa. Ni sifa nzuri kwa maji, ila mafuta na mchuzi huingia humo vikachacha. Nyanya zetu walilijua hili: chungu kipya kilipikiwa uji kwanza ili wanga uzibe vitundu. Mkitaka sahani ya hotelini, chomeni zaidi ya nyuzi 1200 kwa udongo unaostahimili, na rangi ya kung'arisha isiwe na madini ya risasi. Kaolini (udongo mweupe) ya Mutaka kule magharibi ni nzuri, tunayo nchini.

#17 Mbunifu_Ntinda

Nimenyamaza siku mbili kwa sababu nilikwenda kijijini kwa mama ninayefanya naye kazi. Nilimchukulia mchoro mpya. Akautazama, akaugeuza, akaniambia, "Mwanangu, bega hili litaanguka." Akachukua kijiti, akachora mchangani bega lingine, limeinuka zaidi, shingo inaanza mapema. Nikakumbuka kwamba hata mara iliyopita alifanya hivyo hivyo, na mara ya kabla ya hapo. Lile umbo ambalo watu wananisifu nalo, lile nililowaambia nimelichora mara thelathini, bega lake ni la kwake. Nililisahau kwa sababu lilipofika Kampala lilikuwa na jina langu.

Nimeagiza mihuri miwili ya mbao. Wa kwake ameuchagua mwenyewe, si herufi, ni jani la mutuba. Naomba radhi kwa maneno yangu ya mwanzo kuhusu waashi.

#18 DadaKisoro

Kaka, Mungu akubariki.

#19 Kigogo_Nakawa

Na waashi wa Museum nao tuwatafute basi.

#20 BintiBusia

Wapendwa, nina habari.

Juzi nilirudi ukumbini. Safari hii sikugusa kitu. Nilimkuta yule binti wa mezani, nikamwonyesha uzi huu kwenye simu, akasoma amesimama, kisha akaketi akaendelea kusoma. Hakunijibu vibaya. Aliniambia hakuna aliyewahi kuuliza, na yeye mwenyewe hajawahi kufika kijijini. Akampigia bosi wake, wakazungumza pembeni kidogo, halafu akanipa namba ya kijana ambaye ni mpwa wa mfinyanzi, upande wa Masaka. Alimwomba ruhusa kwanza, nimshukuru kwa hilo.

Nilipiga jioni. Kijana akaweka simu kwenye spika, shangazi yake alikuwa anaanika vyungu kivulini, nilisikia kuku na mtoto mdogo. Nikajitambulisha, nikamwambia nimekiona chungu chake Kampala, kimewekwa juu ya meza nyeupe na taa inakimulika kutoka juu, watu wanapiga picha. Akanyamaza kidogo. Nilidhani atauliza bei. Nilikuwa naogopa swali hilo, nilikuwa sijui nitajibu nini.

Akauliza, "Mlikigonga?"

Nikamwambia mimi nilikigonga, mama.

"Kililia?"

Nikamwambia kililia, na sauti ilikaa. Akacheka kwa furaha, akamwita mtu kwa sauti kubwa. Mpwa akanieleza kwamba anamwita wifi yake, ambaye ndiye aliyechoma. Walikuwa wamegombana juu ya chungu kile, wifi akisema upepo umebadilika wakifunike mapema, yeye akisema bado. Walifuata maneno ya wifi. Kilipakiwa kwenye gari siku iliyofuata, bado kina uvuguvugu ndani, na hawakupata nafasi ya kukigonga vizuri. Miezi mitano hawajui kama kilifika kizima.

Nilimwomba ruhusa ya jina. Alisema waandike la wifi kwanza, yeye afuate, na wa tatu ni marehemu mama mkwe wao aliyewaonyesha kinamasi. Nimepeleka majina matatu. Waandaaji wamekubali kubandika lebo mpya kabla ya Jumapili, na binti wa mezani ameomba iwe na Kiganda na Kiswahili pia. Hapa jukwaani siyaandiki, kwa sababu sikuwaombea ruhusa ya mtandaoni. Nendeni mkayasome pale.

Jambo la pili. Kinamasi wanachochimbia kinaliwa na wapiga matofali, wamebakiwa na kona moja. Wanataka kuhamisha udongo kidogo, kuuhifadhi kwenye shimo karibu na nyumba kabla mvua hazijaanza. Wanahitaji mikono na magunia. Mimi nakwenda Jumamosi.

#21 FundiMukono

Nipo. Nina majembe mawili na turubai. Udongo usianikwe juani, ubaki na unyevu, tufunike kwa majani ya migomba.

#22 Mbunifu_Ntinda

Nina pikapu. Wa Kampala tukutane New Taxi Park saa kumi na mbili asubuhi, tuondoke kabla ya foleni. Nafasi sita nyuma.

#23 BintiBombo

Sina nguvu za kuchimba lakini nitapika. Mko wangapi?

#24 Mwalimu_Jinja

Nitakuja na basi la Ijumaa, nilale kwa mwanangu Ntinda. Naleta magunia kumi. Mwulizeni mama kama tulete vigae, nina debe zima la vyungu vilivyovunjika nyuma ya nyumba.

#25 BintiBusia

Nimemuuliza, Mwalimu. Anasema leta vyote, ila vyekundu vifungwe mbali na vyeusi.